Kurasa za Kifuani

Saturnino, mwalimu mwenzangu usiyenijua bado,
pikipiki nimekuachia uani, ufunguo uko kwa mama muuza mkate.
Ina gia nne; ya tatu ni kaidi, ibembeleze.
Lakini kabla ya gia, nguo.

Barabara ya Kollpani mwezi wa Julai
haina mti wala ukuta, na baridi yake haipigi hodi.
Inaingia kwa mkono wa shati,
kwa tundu la kifungo,
inakukalia mgongoni kama mdai.

Anza na ngozi yako. Usivae pamba:
pamba hunywa jasho, kisha hulirejesha
likiwa kisu.
Vaa fulana ya sufu ya alpaka, ile nyembamba,
ikukumbatie kama mtoto aliyeota vibaya.
Juu yake sweta ya lama, pana, nzito,
hata ikiwa na rangi ya aibu.
Yangu aliifuma dada yangu Basilia
siku za kununiana na mumewe; ndiyo maana imeshikamana hivyo.

Usijibane. Soksi tatu katika kiatu cha soksi moja
ni mguu wa barafu.
Nguo haina moto, Saturnino. Moto ni wako.
Nguo ni kuta tu, na kinachokulinda
ni ile hewa iliyonaswa katikati, isiyo na pa kwenda.

Kisha gazeti.
Usicheke. Gazeti zima la Jumapili, kutoka Oruro,
karatasi sita kifuani, mbili kila goti,
halafu koti la ngozi, halafu plastiki ya njano juu ya yote.
Hapo utatembea kama pipa lenye hofu
na mbwa watakubwekea kwa haki.

Safari ni saa nzima na robo.
Mlima Sajama utakuwa kushoto kwako, mweupe, hausogei.
Machozi yatakutoka bila msiba.
Vidole vitauma, kisha vitaacha kuuma:
hapo ndipo usimame.
Injini iwekee viganja, na glavu zake,
kama unavyoshika kikombe nyumbani kwa watu.

Sasa nikueleze jambo ambalo si la baridi.

Shule haina vitabu.
Siku ya kwanza nilijimenya mbele ya darasa
kama kitunguu, watoto kumi na mmoja wakihesabu maganda,
na gazeti lilipotoka, Yola akalinyaka.
Lilikuwa vuguvugu.
Akaliweka shavuni kwanza, ndipo akasoma:
bei ya saruji, mechi iliyoahirishwa,
mjane anayeuza kinanda, bei ya maelewano.
Tangu hapo tunasoma kifua changu kila asubuhi.
Jioni wananirudishia. Nahesabu, navaa, naondoka.

Mwaka jana, jioni moja, ukurasa mmoja haukurudi.
Nikauliza. Madawati yakanyamaza.
Nikapanda. Na upepo, Saturnino, ulijua.
Ulinipiga pale pale, chini ya titi la kushoto,
pembe nne kamili,
njia nzima nikabeba dirisha lililosahauliwa wazi.
Nilimlaani mwizi kwa Kihispania,
Kihispania kikaniishia, nikaendelea kwa Kiaymara.

Kesho yake Eleuterio wa mchunga lama
aliinama kuokota kalamu,
na shati lake likachakacha.

Hutembea mwendo wa saa mbili, huyo. Kwa miguu.
Sikusema kitu. Nilimwita ubaoni,
akasoma mpaka mwisho,
kila akivuta pumzi, karatasi nayo ikivuta.

Basi nunua magazeti mawili.
La pili usilihesabu.