Viatu vya Joosep

Helve alidhani neno "imefungwa" lina maana moja tu.
Faili zake mia mbili na kumi na mbili,
miaka thelathini ya kusikiliza watu,
zililala Tartu, chini ya hospitali,
kwenye diski iliyosimbwa: mwizi akiibeba
amebeba mchanga wa herufi.
Yeye yuko Viljandi, mezani pa jikoni,
theluji imefika kizingiti cha dirisha,
supu ya viazi inapoa.

Rasmus, fundi, hakubishana.
Alichomeka kidude chake katikati ya waya,
akasema, "Fungua faili. Yoyote."
Akafungua.
Na kwenye skrini ya kijana, herufi kwa herufi,
ukapita mstari alioupiga mwenyewe mwezi Machi:
Mgonjwa bado analala na viatu vya Joosep kifuani.

Kijana alifunika skrini kwa kiganja.
Alikuwa amechelewa.

"Kufuli liko kule," alisema, akiitazama supu.
"Ukiomba, seva inafungua yenyewe, kule kule,
kisha inakutumia barua bila bahasha.
Kilomita themanini uchi, katika baridi hii."

Uchi.
Kwetu husemwa mficha uchi hazai,
na hao walikuja kwake, wakavua,
wakazaa kilio mikononi mwake,
naye akawapa ahadi: hakitatoka humu.
Kimetoka mara ngapi?
Kila usiku aliosoma. Kwa upendo, kila usiku.

Wakauhamisha ufunguo.
Ukaja jikoni: kipande cha chuma kisichozidi ukucha,
na nywila ndefu kama safari ya treni,
isiyoandikwa popote, hata nyuma ya kalenda.
Tartu ikabaki ghala lisilojua linatunza nini.
Faili sasa zasafiri zimefungwa,
zafunguka hapa tu, karibu na chumvi.
Hata majina yake Rasmus aliyavuruga,
maana jina la faili nalo husema.

"Basi?" akauliza Helve.
Kijana akakuna shingo. "Karibu basi.
Anayesikiliza hataona neno.
Ataona tu kwamba saa nane za usiku
mtu wa nyumba hii alifungua kitu,
na kwamba kilikuwa kizito."

Akanywa supu yake ya baridi, akaaga.

Saa nane za usiku
Helve alivuta pazia,
akafungua kitu kizito.