Ala ya Baba

Jumanne, dukani kwa Kowalchuk, penye mbegu na misumari,
niliinama ninyanyue gunia la shayiri
na bastola ya marehemu baba ikanichomoka kiunoni.
Haikulia. Namshukuru Mungu haikulia.
Ilizunguka juu ya saruji kama pia,
ikapunguza mwendo, ikatulia,
mtutu umemwelekea Colter, mjukuu wa mwenye duka,
miaka sita, peremende shavuni.

Hakuna aliyenikaripia. Huku kwetu Montana
abebaye silaha nje nje haulizwi,
kama asivyoulizwa kofia.
Ila kimya kile kilikuwa na meno.

Alhamisi nikaendesha maili arobaini, theluji njia nzima,
hadi kwa Wendell Stroud, mshona matandiko ya farasi.
Aliitwaa ala ya baba, akainusa, akaikunja.
"Hii imekufa zamani, Delphine.
Ngozi ikizeeka hulegea mdomo kama mlevi:
ikipewa kitu ikitunze, inakitema."

Nikaonyesha nyeusi ile, yenye waridi za kuchongwa.
"Hiyo ya gwaride. Waridi halishiki kitu."
Na ile ya kitambaa, ya bei ya chini?
"Hiyo," akasema, "ni soksi."

Nilidhani ataniuliza habari za risasi.
Akauliza: kwenye pikapu unakaa saa ngapi kwa siku?
Mtamba akizaa usiku, unapiga goti lipi?
Na nani hukukumbatia, akitokea upande gani?
Hapo nikachelewa kujibu.
"Hakuna," nikasema. "Tangu Machi, hakuna."
Akaandika daftarini, bila kuniangalia:
*kulia, wazi.*

Akanitaka nitoe risasi, nizihesabu mezani kwa sauti.
Sita. Na ya saba, iliyojibanza chemba,
ambayo ningeapa haipo.
Ndipo akaileta: ngozi ya mgongo wa fahali, nene,
haina ua, haina nyota, rangi ya chai ya rangi,
imefunika kifyatulio chote, hata ukucha haupenyi.
Akaipindua juu chini, akaitikisa
kama mtu anayedai chenji kutoka kwenye kopo.
Bastola ikakaa.

"Sasa kimbia."
Nikakimbia uani, mwanamke wa miaka hamsini na mbili,
nikaruka uzio, nikalala kifudifudi thelujini,
mbwa wake akibweka kwa furaha.
Nilipoinuka, Wendell alikuwa nyuma yangu, ameishika mpini, anavuta.
Haikutoka.
"Kishikizo kinajua gumba lako," akasema.
"Gumba langu ni mgeni."

Mengine aliyasema akipunguza mkanda,
misumari midogo midomoni, maneno yakipita pembeni:
kwamba ala njema kwenye mkanda mlegevu
ni mlango wa chuma kwenye nyumba ya udongo;
kwamba mdomo lazima ubaki wazi hata ikiwa tupu,
kwa kuwa wengi hujipiga paja wakirudisha,
hatari imeshapita, mikono bado inatetemeka.
"Kurudisha hakuna zawadi ya haraka. Rudisha polepole."

Dola mia moja na themanini.
Nikaomba apunguze. Akaitazama ile ya baba pale mezani,
mdomo wazi, kisha akanitazama mimi.
Nikalipa.

Jumamosi nilirudi kwa Kowalchuk.
Colter alikuwa chini ya kaunta akipanga nati kwa ukubwa.
Hakunitazama usoni. Alinitazama nyonga.
Nilitaka nimwambie: tazama, imefungwa,
imepinduliwa, imevutwa, nimelala nayo thelujini,
haitoki ila kwa gumba langu.
Lakini hayo si maneno ya kumwambia mtoto mwenye nati mkononi.

Nikanunua shayiri nisiyoihitaji.
Na kabla sijainama,
mzee Kowalchuk, mwenye mgongo mbovu,
alikwisha kulitia gunia begani,
akanitangulia kwenda nje, kwenye pikapu,
asiseme neno.