Daraja la Nne

Fomu ilikuwa na kisanduku kimoja tu cha elimu,
na chini yake: ambatisha shahada.
Nikaambatisha nilichonacho.
Kidato cha nne, daraja la nne, pointi ishirini na tisa,
cheti chenye duara la kikombe cha chai
aliloliacha baba siku alipokisoma mara mbili
akauliza, "Daraja hili linavuka wapi?"

Kiingereza changu hakina chuo.
Nimekifua.
Miaka sita hosteli ya Mama Shirima, Soweto,
soksi za wapanda mlima, matope ya Machame kwenye beseni,
nao wamekaa ngazini wakilalamika:
kichwa, pumzi, goti, mke aliyebaki.
Nyakati zilizopita nilijifunza kwa walioshindwa kufika kileleni,
zijazo kwa wanaopanda kesho.

Akaja Kasper, miaka kumi na tisa,
kufundisha Kiingereza shule ya msingi kule Njoro.
Hakuna aliyemwomba karatasi.
Jioni aliniletea madaftari,
hakuelewa kwa nini watoto wanamtaja mama
kwa neno la mwanamume.
Nikamwambia, kwetu yeye ni yeye.
Simsemi vibaya. Biskuti zake tulikula wote.

Jibu la Bangkok lilikuja Jumanne, mistari miwili:
bila shahada hakuna viza;
ila kwa mtandao, saa wasizozitaka wengine, nusu malipo.
Nusu ya nini, sikuuliza.

Sasa kila Jumamosi saa tisa usiku, umeme ukikubali,
naketi stoo kati ya mabuti ya kukodisha,
khanga nimeitundika kufunika kreti za soda.
Kwao kumekucha, saa moja asubuhi,
na kwenye kioo anatokea msichana wa miaka minane, pengo mbele.
Anaitwa Mali.
Kwao ni ua, asmini.
Nikamwambia kwetu ni kile kinachotuamsha usiku.

Ere yake huteleza ikawa ele.
Bibi yangu wa Rau naye husema twende tukakure,
na siku ya uchaguzi huenda kupiga kula;
hajawahi kulala njaa, wala kukosa foleni.
Kwa hiyo simcheki.

Kinachomshinda ni ile sauti ya ulimi na meno.
Kitabu cha kampuni kinasema, rudia mara kumi.
Mimi nilisema: uweke ulimi mlangoni,
usitoke, usirudi ndani.
Nikampa maneno ya kwetu ajaribie:
thelathini. Thamani. Theluji.

Akauliza theluji ni nini.
Nikageuza kompyuta dirishani, bila kufikiri.
Giza. Taa ya mlinzi. Kamba ya nguo.
Mlima uko hapo, nikasema, huuoni tu.
Akatazama sana,
uso wake karibu ujae kioo,
kisha pengoni hewa ikapita, safi:
theluji.

Dakika ishirini na tano zikakatika hapo.
Nikarudi kuyapanga mabuti, kushoto na kulia,
yale ya miguu mipana chini.