Hodi

Nilikinunua Birere, faranga elfu mbili,
jalada limeungua pembeni, kinanuka kiberiti.
Ukurasa wa tisa: msichana anasoma kwa tochi,
umeme umekatika Majengo yote.
Nikacheka, nikaitikisa tochi yangu.

Ukurasa wa arobaini mtu anagonga
chini ya sakafu, chini ya lile jiwe
lililoshuka mlimani likiwa uji wa moto
likaifunika nyumba yetu ya kwanza:
meza, sufuria, saa ya ukutani,
na Katungu, dada ya mama,
ambaye kwetu jina lake halitajwi.

Hodi, anasema.
Nilikuwa bado sijaufikia mstari huo.

Kurasa za mwisho zimechanwa.
Asubuhi mama anatwanga sombe,
ananiuliza bila kugeuka:
"Usiku ulimwambia nani karibu?"