Turudi Keko

Usianze na rangi, Siwema.
Najua ile nyekundu imekukonyeza tangu mlangoni,
inang'aa kama kucha za bi harusi.
Ipitie. Shika hii ya kahawia, iliyochubuka mgongoni
pale mkanda na jasho la mtu tusiyemjua
vilipolala miaka.
Kilo nne na ushee. Bega lako litanuna, kisha litazoea.

Kabla hujachomeka waya,
egemeza pembe yake kwenye taya langu. Hapa.
Sikio la kulia nililiacha ukumbini Temeke,
miaka kumi na tisa kando ya matoazi ya Lipongo;
sasa nasikia kwa mfupa.
Gonga uzi wa nne. Usiubane.
Uache ufe wenyewe.

Ile nyekundu ilikufa nikiwa bado nameza mate.
Hii nimeihesabu hadi kumi na moja.

Faraji wa dukani ananadi wati kama mitumba:
mia tatu! mia tano! elfu, mzee, elfu!
Muulize omu.
Umeona? Ameangalia dari.

Nyuma ya mashine pameandikwa nne:
usiishushe chini ya hapo.
Ukiipa boksi moja la nane, itaimba kwa staha,
kama mgeni aliyeambiwa ale asishibe.
Ukiipa mawili ya nane, sambamba, zinakuwa nne.
Ndiyo. Nane na nane, nne.
Usinitazame hivyo,
umeme haukusoma shuleni kwenu.
Ukiongeza la tatu kwa tamaa
utanusa kabla hujasikia:
harufu ya plastiki
na ya mshahara wa miezi miwili.

*

Halafu ukakatika, unakumbuka?
Mtaa wa Aggrey wote ukashusha pumzi,
feni zikazunguka kidogo kwa mazoea, zikaacha,
na majenereta yalikuwa hayajaanza kukohoa.
Wewe ukaendelea kupiga.
Mashine imekufa, wewe huna habari, macho umefumba,
na mimi nikauona uzi ukitikisika,
mnene, mvivu,
na mti ule mkavu ukasema peke yake
maneno yote ambayo wati zilikuwa zinayafunika.
Faraji akaacha kuhesabu noti.

Tulinunua gizani. Laki saba na nusu, bila mkoba.

*

Boksi hatukununua.
Spika mbili za inchi kumi, za nane kila moja,
tulizifunga kwenye kanga ya mama yako kama pacha
tukampelekea Chitemo, fundi makabati, Keko.
"Mlango uko wapi?"
Hakuna mlango, fundi.
"Nguo zinaingiaje?"
Haziingii nguo. Tunatunza upepo.

Akakaa kimya, penseli sikioni.
Kisha akaanza kugonga plaiwudi kwa kifundo cha kidole,
hii akaiweka kando, hii akaiweka kando,
ya tatu akaigonga mara mbili, akacheka.
Nilijua hapo kuwa tumefika.
Alipaka gundi kila ungo, akakaza skrubu thelathini na mbili,
na siku ya kuchukua tukakuta amelitia miguu
ya kuchonga, mizuri, kama ya kabati la vyombo,
ambayo hakuna aliyemwomba.

Jana usiku, Mbagala, ukaigusa mi ya chini.
Sufuria za Mama Nasra zikaitikia upande wa pili wa ukuta,
na yeye mwenyewe akaitikia, kwa maneno mengine.
Ulikuwa unacheka. Ulisema: mjomba, imekubali.

Imekubali, ndiyo.
Lakini nilikuwa nimelaza kiganja juu ya boksi,
na chini kushoto, karibu na ule mguu wa kuchonga,
kuna kitu kinavuma kama nyuki ndani ya chupa.
Skrubu moja, imelegea, inadai noti yake.
Wewe mwenye masikio mawili mazima hukuisikia.

Tafuta bisibisi. Ile kanga usiirudishe bado.
Kesho turudi Keko.