Pua kwa Ndani Imelala

Asubuhi ile nilikuwa nimekwisha kupima watu arobaini na mmoja
kwenye uwanja wa magari nje ya ukumbi wa hoki, hapa Kemi,
nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri.
Wa arobaini na mbili alishusha kioo:
Ilmo Karppanen, fundi viatu wa nyuma ya stesheni.
Akafumba macho kabla sijamgusa.

"Inua kichwa kidogo," nikasema.
Kijiti kikagota mahali, laini, si mfupa,
nami kwa haraka ya foleni nikasukuma tena kidogo.
Kidogo. Neno hilo nimelirudia tangu hapo
mpaka limekauka maana.
Akashtuka, akacheka kwa adabu, akapangusa chozi.
Nikaandika saa. Nikaita wa arobaini na tatu.

Siku ya tatu, amekiinamia kiatu cha mtoto,
tone likaanguka juu ya ngozi nyeusi.
Akalifuta. Likaanguka jingine.
Halikuvutika kama kamasi,
lilikuwa maji matupu, ya tundu moja tu,
tundu nililopita mimi.
Akisimama, linakatika. Akiinama, linarudi.
Lililoshukia kooni lilikuwa na chumvi,
na nyuma ya chumvi, utamu fulani.
Akadhani ni baridi.
Sisi wa huku hudhani kila kitu ni baridi.

Huko Oulu, daktari Vuokko Niskala
alimpa kichupa kama cha manukato:
"Inama, Ilmo. Tusubiri."
Dakika kumi na moja kwa matone tisa.
Maabara ikajibu: haya si maji ya pua.
Ni maji ambamo ubongo huelea.

Husemwa, karibu kama pua na mdomo.
Hakuna aliyeniambia pua na ubongo.
Kati yao pana mfupa mwembamba kama ganda la yai,
na kwa Ilmo, tangu tumboni mwa mama yake,
ganda lilikuwa na ufa,
na utando wa ubongo ulichungulia ufani,
ukaning'inia humo miaka hamsini na minane
bila kumwomba mtu kitu,
mpaka mimi.

"Ni nadra," daktari akaniambia kwa simu. "Nadra mno.
Wengi hutokwa na damu tu,
mmoja mmoja kijiti humkatikia ndani.
Hili usilibebe peke yako."
Nadra ni neno la kuhesabia watu wengi.
Hakuna aliye nadra kwake mwenyewe.

Wakamziba kwa utando wa paja lake:
fundi wa viraka katiwa kiraka.
(Alilisema yeye hilo. Mimi nisingethubutu.)
Wiki sita asipenge, asiinue mzigo,
chafya aiachie mdomo wazi,
asikiinamie kiatu.

Niliporudi kazini nililishika fuvu la plastiki.
Pua kwa nje hupanda, hutudanganya;
kwa ndani imelala, bapa kama ubao wa sauna,
inaelekea nyuma, kwenye sikio, si kwenye jicho.
Nilikuwa nimelisoma hilo. Nililijua.
Nilikuwa na watu sitini kwenye foleni.

Februari iliyofuata gari lile lile lilishusha kioo.
Akanyoosha kadi: ASITIWE KITU PUANI.
Kisha akaachama, mapema mno,
hata pakiti sijaifungua,
meno mawili ya dhahabu, mvuke wa kahawa.
Nikapitisha kijiti kooni.
Mkono ulitulia kuliko nilivyotarajia.

"Na kile cha mwaka jana," akauliza, "majibu yalikuwaje?
Katika zahama ile hakuna aliyenieleza."

Hukuwa na virusi, nikamwambia.
Hukuwa na kitu.

Akanitazama. Akapandisha kioo nusu,
akakishusha tena.
"Buti zako," akasema, "kisigino cha kushoto kimelika.
Ziache dukani Jumanne."