Gari la Pili

Barafu bado imelala ziwani, Aprili hii ya Ely,
nasi tumeshatandaza ramani mezani,
pembe moja imekaliwa na kopo la kahawa,
ya pili na kiwiko cha Aili Koskela,
miaka sabini na mmoja, jirani yangu,
anayeniita Kombo
kwa kuwa Mwanakombo humkwama kooni.
Sijamwambia kombo ni nini.
Atajua siku nitakayoshika kasia la nyuma.

Siku sita, anasema. Maziwa tisa.
Na baina ya ziwa na ziwa, nchi kavu,
ambapo mtumbwi hutolewa majini,
ukageuzwa kifudifudi, ukapandishwa mabegani.
Nikamwambia, kwetu hicho ni kitendawili:
nambeba anibebaye.
Akasema, jibu lake lina mbu wengi.

Hapa nchi kavu haipimwi kwa mita.
Hupimwa kwa rodi, na rodi moja
ni kama urefu wa mtumbwi,
basi rodi mia na arobaini
ni mitumbwi mia na arobaini iliyolala msituni, omo kwa tezi,
nasi tunakanyaga migongo yake
mara tatu: kwenda na mabegi,
kurudi mikono mitupu,
kwenda tena na mtumbwi.
Naisubiri ile ya katikati.

Nimepima kila kitu kwa mizani ya jikoni.
Unga wa ugali, kilo moja na nusu.
Maharage niliyoyapika nikayakausha
mpaka yakalia kama changarawe mfukoni.
Tangawizi. Kamba ya kuning'iniza chakula, dubu asikifikie.
Aili anaitoa sufuria yangu.
Naitia tena. Anaitoa.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, namwambia,
ila huu naubeba mimi.
Anaiacha, kwa sharti nisiimbe kabla ya jua.

Ramani ina mwandiko wa penseli usio wake.
“Tope hadi gotini.”
“Jiwe linateleza, 1988.”
“Hapa A. alikasirika.”
Namuuliza alikasirikia nini.
Hakumbuki, anasema,
na kidole chake hakibanduki pale.

Shida si maji, wala dubu.
Shida ni kwamba njia hii hairudi:
tutaingilia huku, tutatokea kule,
kilomita themanini kwa barabara,
tukiwa tumelowa, tunanuka moshi,
na gurudumu halipo.
Kuna bwana hulipwa kuhamisha magari ya watu.
Aili alipotajiwa bei alikata simu bila kuaga.
Basi magari mawili,
moja la kutupeleka, moja la kutungoja.
Langu hili, nikasema. Na la pili?

Akamwaga kopo la kahawa juu ya ziwa la saba.
Halikuwa na kahawa. Misumari, vifungo,
na ufunguo mmoja wenye utepe mwekundu.
Gari la Reino liko nyuma ya ghala,
halijawashwa tangu mazishi,
theluji imelifunika, ikayeyuka, ikalifunika tena.
“Alijua kungoja, huyo,” akasema.
“Akiwahi kufika, huzima injini akalala.”

Jumamosi tulilitia betri mpya.
Likakohoa, likakataa,
likatema kiota cha panya, likawaka.
Aili akakaa nyuma ya usukani bila kwenda popote
mpaka vioo vikaingia ukungu,
nami nikajifanya nakagua tairi.
Zote nne. Mara mbili.

Sasa kwenye orodha, juu ya kiberiti na kibali,
ameandika kwa herufi kubwa:
UFUNGUO WA REINO ABEBE KOMBO.
USISAHAULIKE KWENYE GARI LA KWANZA.
Nimeushonea mfuko ndani ya kizibao.
Kabla ya kuutia niliuweka kwenye mizani:
gramu ishirini na mbili.
Nimeziandika.